Saidi Alivyonisindikiza

Tulikuwa tumeshapita maduka ya Magarama na Saidi bado amebeba mfuko wangu. Nilikuwa naacha lori lake Gitega, naenda kuendesha la mtu mwingine Muyinga. Hatukugombana. Yeye mwenyewe alimpigia simu tajiri wangu mpya: “Huyu mzee iko dereva muzuri, ila anaongea na lori.”

Mguu wake wa kushoto, uliovunjika zamani, ulikuwa umevimba hadi kamba ya ndala ikazama ndani ya nyama. Aliuburuta, ukaacha mstari kwenye vumbi. Nikadhani ana shughuli zake huko mbele.

Mwishowe akasimama, jasho linamtoka, akacheka.

“Mzee, we unataka mi nifike Muyinga na hii mguu? Si uniambie nirudi.”

Ndipo nikaelewa. Kwao anayesindikiza harudi mpaka anayeondoka amruhusu. Mimi nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule tuliondoka kwa kuitwa majina na kupandishwa malori, na sikuwahi kusindikizwa na mtu.

Ilikuwa niseme neno moja tu. Nikautazama ule mguu, na neno likakataa kutoka.

“Twende kidogo tena,” nikasema.

Akahamishia mfuko bega la pili, tukaenda.

Nilimruhusu kule barabara inapoanza kushuka. Muyinga nilikaa miaka mitatu, nikahama tena. Saidi aliuza lori akafungua duka la mchele. Mguu haukupona. Hatukuonana tena.