Jacklyne Amesahau Tena

Jacklyne alikuwa amesahau tena.

Jana tu, pale pale mbele ya meza ya mwalimu, alisoma ukurasa mzima wa hadithi ya sungura bila kukwama. Leo aliutazama ukurasa ule ule kama mtu aliyepewa kitabu kwa mara ya kwanza. Alikwama kwenye neno la kwanza.

"Soma polepole, mama," alisema Mwalimu Kavata. "Hakuna anayekukimbiza."

Wapi. Na penseli, ambayo jana aliishika kwa mkono wa kushoto, leo ilikuwa mkono wa kulia.

Kavata aliikazia macho penseli ile. Mtoto wa dada yake kule Machakos alianza hivyo hivyo: leo anajua, kesho hajui, mara mkono unakataa kushika kijiko. Walidhani ni uvivu, wakamchapa. Kumbe ni uvimbe kichwani, na kabla ya Krismasi wakawa wamemzika. Kavata hakuwahi kujisamehe, maana yeye ndiye aliyekuwa mwalimu katika familia.

Mwaka uliotangulia asingejua lolote kuhusu Jacklyne. Serikali ilipofuta karo, watoto walimiminika katika shule ile ya Mutuini mpaka darasa la tatu likapita mia moja. Walibanana kwenye madawati, wengine wakaketi chini. Mwalimu anatamka, wao wanaitikia kwa sauti moja kama kanisani. Anayejua anafungua mdomo, asiyejua pia anafungua. Wewe mwalimu ulijua sura za walioketi mbele, basi.

Kisha kanisa la jirani likatoa ukumbi wake, darasa likagawanywa mafungu matano, na Kavata akabaki na watoto ishirini na wachache. Kila mmoja alipewa kiti chake. Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, kila mmoja alikuja mezani kusoma peke yake. Haukupita muda, Ryan, ambaye watu walidhani ni bubu, akawa anasoma mpaka unamwomba apumue kidogo.

Ni Jacklyne tu aliyemtia hofu. Na hofu yenyewe ilizidi kila wiki.

Mwalimu mkuu, Bwana Zachariah, hakuona ajabu yoyote. "Labda amelala njaa, Madam. Watoto husahau," alisema, akarudia chai yake. Kavata alitoka ofisini akiwa amekasirika. Husahau, sawa, lakini nani husahau mkono wa kuandikia?

Wakati wa mapumziko alimwita Jacklyne kando.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana, mwalimu."

"Jana tulisoma nini?"

Msichana aliangalia viatu vyake. Machozi yakaanza kudondoka.

"Mwalimu, usinifukuze shule," alisema. "Kesho utaona najua."

"Nani amesema nakufukuza? Mama yako yuko nyumbani?"

"Ameenda Kilimani kufulia watu nguo."

"Basi jioni tutaenda mimi na wewe, tumngoje."

"Usikuje, mwalimu. Tafadhali, usikuje."

Kavata alikuwa ameshaamua. Masomo yalipoisha alimshika mkono wakatoka. Walipita nyumba mpya za kupangisha, wakapita mashamba ya sukuma wiki, wakaingia njia nyembamba yenye matope. Njia nzima Kavata alikuwa akipanga maneno. Utamwambiaje mama mtu kwamba mtoto wake anahitaji kupigwa picha ya kichwa? Utaanzia wapi? Alijaribu sentensi hii na ile, zote zikamshinda. Alichojua ni kwamba safari hii hatanyamaza, hata akitukanwa, hata akiambiwa anamtakia mtoto mabaya.

Nyumba ilikuwa ya mabati, mwisho kabisa wa ploti. Walipoikaribia, Jacklyne alianza kujivuta nyuma. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Kavata aliubana asije akaponyoka, akawaza, Mungu wangu, huyu mtoto anaogopa nini nyumbani kwao? Sasa naye aliogopa kweli. Akabisha hodi kwa mkono mwingine.

Kimya. Akabisha tena.

Mlango ulifunguliwa na Jacklyne, miguu mitupu, mtoto mchanga amefungwa mgongoni.

Alimtazama mwalimu, akaitazama sare aliyovaa pacha wake, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, kesho ni zamu yangu. Nikuje ama nisikuje?"