Gari ya Shemeji

Mkono wa gia ulikuwa unacheza kama jino la mtoto. Shemeji aliuvuta juu, akaushusha chini, akakanyaga klachi, akautukana kidogo. Wapi! Pikapu inanguruma tu pale pale uani, kitanda, godoro na masufuria yamefungwa kamba nyuma, kama mtu aliyevaa akamaliza halafu kakosa viatu.

Shemeji akazima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, usiniambie umeamua hivi."

"Hivi vipi?"

"Gari imekuja jana jioni, imepanda mlima, imeshuka mlima, gia zote zinaingia. Imelala kwako usiku mmoja tu, asubuhi haina gia. Na hapa fundi ni wewe. Sasa nimuulize nani, kuku?"

Fundi akajifuta mikono kwenye suruali.

Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa amekuja kumchukua dada yake. Miezi miwili nyuma mke alilazwa hospitali, akapiga simu mara kumi na moja, na simu ikalia peke yake ndani ya boksi la spana huku mume yuko chini ya lori la watu. Mtoto waliyekuwa wanamsubiri hakukaa. Tangu siku hiyo wakawa wanaongea mambo ya chumvi na kufunga mlango, basi. Wazee wa kwao wakasema aje apumzike kidogo. Na kupumzika kwa kubeba kitanda na masufuria kila mtu anajua maana yake.

"Nakupa mpaka saa tisa," shemeji akasema. "Ikigoma, mimi napanda basi, kesho nina kazi. Vyombo vishushwe, dada abaki, tutaongea mwezi ujao. Lakini wazee nitawaambia ulichofanya."

Fundi akafungua boneti.

Gari hizi za zamani gia yake iko kwenye usukani, na inashuka kwa fito mbili mpaka kwenye giaboksi. Kila ufito unashikwa na klipu ndogo na bushi, kile kipete cha mpira. Sasa fito zote mbili zilikuwa zinaning'inia. Klipu hamna, bushi hamna. Klipu ikivunjika huwa inaacha japo kipande. Hapa peupe kabisa. Alitaka kusimama alifikirie hilo, lakini shemeji alikuwa nyuma ya shingo yake, anamhemea kama mkaguzi.

Neno lilikuwa moja tu: imenishinda. Akilisema, anapata mwezi mzima. Kwa mwezi mzima hata bubu anaweza kujifunza kuomba msamaha. Lakini miaka kumi na tano ya ufundi hajawahi kulitamka, na kulitamka leo ilikuwa sawa na kukiri kosa ambalo hakulifanya.

Akaingia chini ya gari.

"Kumi na mbili," akaomba spana, mkono umetoka nje.

Mkewe akampa kumi na nne.

"Kumi na mbili, mama."

Akampa kumi na saba. Huyu mwanamke alikuwa anazijua spana kwa kupapasa tu. Zamani, kabla mume hajapata wasaidizi, ndiye aliyekuwa anamshikia tochi.

Mama Cherehani, jirani anayeshona barazani mkabala na ule ua, akacheka. "Leo kichwa cha msaidizi wako kimeshatangulia kwao!"

Mke hakucheka. Akachuchumaa karibu na gurudumu, akainamisha uso mpaka wakaonana.

"Kwani gari kama hii haiwezi kumshinda mtu?"

Aliuliza taratibu, lakini fundi ilimchoma kweli kweli. Hata yeye ananidharau, akawaza.

"Hakuna gari iliyowahi kunishinda."

"Najua," mke akasema. Akanyanyuka, akaenda kukaa juu ya ndoo, mgongo kaupa gari.

Basi fundi akafanya kazi kama anayekimbizwa. Akavua kandambili yake, akakata soli, akachonga bushi mbili. Akasokota waya badala ya klipu. Alipojaribu mara ya kwanza, gia mbili zikaingia kwa mpigo na giaboksi ikakaza kama jiwe. Akarudi chini, akazitikisa kwa mkono mpaka moja ikaachia, akapima fito upya. Jasho linamwingia machoni, hafuti.

Saa tisa kasorobo, shemeji akawasha. Moja ikaingia. Mbili. Tatu. Rivasi, laini kama kijiko kwenye uji.

"Basi nisamehe, shemeji," akasema, akashuka kabisa kumpa mkono. "Nilikufikiria vibaya. Wewe mwanaume. Wazee nitawaambia kwamba hukutuzuia."

Fundi akaupokea ule mkono. Ulikuwa mzito.

Mke akapanda. Fundi akasogea dirishani kwake. Kifuani alikuwa na maneno yamejaa, yanasukumana, na lililotoka likawa hili: "Mkifika, mnunue klipu za kweli. Hiyo waya ni ya kuendea tu."

Mke alimwangalia muda mrefu, kama abiria aliyepungia basi mkono, na basi likapita.

"Kazi nzuri," akasema.

Pikapu ikatoka uani, gia ya kwanza, ya pili, ikakata kona. Fundi akabaki amesimama na mguu mmoja peku.

Mama Cherehani akakata uzi kwa meno. "Lakini nyie watu mna vituko," akasema. "Alfajiri unamtuma mkeo afungue boneti achomoe vidude, halafu kutwa nzima unahangaika kuvirudishia?"