Limau Lilipoisha

Bi Zamzam alizipanga sarafu za fedha za Uingereza, urithi wa mama yake, juu ya meza ya Shamte. Zilimeremeta. Asubuhi alikuwa amezisugua kwa majivu na limau, kama masufuria ya harusi.

Shamte, mpima ubora wa sarafu za zamani, alizikagua kwa lenzi, uso ukizidi kukunjamana.

"Mama, umezing'arisha ukazimaliza! Sura ya malkia yote mikwaruzo. Hizi mpelekee sonara aziyeyushe."

Bi Zamzam akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu moja nyeusi tititi.

"Basi na hii itakwenda huko huko. Hata kuitoa naona haya. Limau liliniishia."

Shamte aliishika ukingoni tu, akaielekeza dirishani. Weusi ukatoa buluu na zambarau, na ndani yake nywele za malkia zikaonekana unywele mmoja mmoja. Akaisogeza lenzi karibu, kisha karibu zaidi.

"Ina nini, mwanangu?"

"Haijaguswa, mama. Miaka yote hii, haijaguswa, na weusi huu ndio thamani yake. Sonara asiione kabisa!"

Bi Zamzam akanyanyua pindo la kanga aifute vumbi, kisha akashtuka. Akaficha mikono yote miwili mgongoni, vidole bado vikinukia limau, akainama kuitazama.