Breki za Elinazi

Siku hizi kila kifaa humtii aliyekinunua, hata kikiwa mikononi mwa mwingine. Namsifu alijiundia baiskeli ya mlimani kwa vipuri vya mitumba alivyookoteza huku na kule. Breki tu ndizo alizozawadiwa na mumewe, Elinazi.

Asubuhi ya kwanza aliipandisha milima ya Upare akiimba. Mwisho wa kijiji, breki zikabana zenyewe.

"Mwenye breki hajaruhusu kupita hapa," zikasema.

Akaibeba begani hadi nyumbani.

"Baba Kadio, si ulisema ni zangu?"

"Ni zako, mke wangu. Sikutaka tu ufike mbali."

Namsifu aliiegemeza baiskeli ukutani. Aliinama, akavua viatu alivyonunuliwa na Elinazi, akashika tena njia ya mlimani, peku.