Kipande Tulichokiacha

Siku hizi mtoto habebwi mimba mpaka urithi wake uungwe maabara. Wataalamu huchukua vipande virefu vya DNA, vya baba na vya mama, wakaviunganisha ncha kwa ncha kwa dawa. Chenye ugonjwa huachwa. Sisi tuliacha kile chenye selimundu, ugonjwa wa damu, maana mume wangu alishazika dada zake wawili kwa ugonjwa huo.

Binti yetu Mwanaidi ana miaka minne na hajawahi kulia kwa maumivu ya mifupa. Namshukuru Mungu.

Jana mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, aliyekuwa akimwona kwenye simu tu, alikuja kutoka Pangani. Akampakata mjukuu wake, akamfungua mdomo, akamtania:

"Mke mwenzangu, mbona meno yako hayana mwanya? Wanawake wetu wote wanao."

Nikamweleza kwamba kile kipande kilikuwa kirefu, na mwanya ulikuwa humo humo pamoja na ugonjwa. Laiti tungejua, tungeomba wautenge.

"Kwani na meno yangu yalikuwa na ugonjwa?"

Mwanaidi, niliyemfundisha utani wa bibi na mjukuu, akaivuta kanga ya bibi yake.

"Nipe kanga, mke mwenza! Mume ni wangu!"

Hapo bibi hugoma, hutukana, hunyang'anyana na mjukuu mpaka nyumba nzima icheke. Nikangoja.

Bi Mwanahawa akaivua kanga, akaikunja vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu," akasema kwa adabu, kama anayesema na mtoto wa watu.