Vifaranga vya Bibi Mdachi

Jogoo alikuwa amelewa tena. Alitoka nyuma ya jiko akipepesuka, akajaribu kuwika, sauti ikamkwama, akaketi katikati ya njia kama mtu aliyesahau kwao.

Salehe hakucheka. Machicha ya pombe yaliyomlevya jogoo aliyabeba mwenyewe kichwani kutoka kwa Paskalia, mpika pombe wa ng'ambo ya mto, mchana kweupe, mbele ya watu wa Kilakala, yeye mtu wa swala tano. "Shehe wetu leo kawahi," Paskalia humwambia, na wanywaji hucheka mpaka pombe inawapalia. Aibu yote hiyo hakuibeba ili kuku wafanye karamu.

Machicha yalikuwa ya vifaranga vya bata, na vifaranga vilikuwa vya Bibi Mdachi, mke wa bwana wa reli. Alivipenda kupita kiasi. Alivipa majina, akavilisha wali mweupe wa sahani yake, mpaka miguu ikalegea vikawa vinajikokota kwa matumbo. Neno vitamini lilikuwa bado halijapanda gari moshi kuja Morogoro, lakini wafugaji walijua: bata wa wali mweupe hasimami. Anataka pumba, machicha na majani mabichi.

Bibi akamkabidhi Salehe, mtunza bustani wake, aende navyo nyumbani kwake akavitibu. "Vikitembea, wewe na mkeo mnakuja nasi Tabora," alimwambia. "Visipotembea, nitatafuta mtu mwingine." Safari ilikuwa Jumamosi.

Salehe aliitaka Tabora kwa moyo wote, na si kwa sababu ya kazi tu. Alichoka kuishi ukweni. Shamba ni la ukoo wa mkewe, nyumba imesimama kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na watoto wakizaliwa watakuwa wa ukoo huo huo. Hiyo ni desturi ya Uluguru, hakuwa na ugomvi nayo. Aliyemshinda ni mkwewe, Bi Mwaisha.

Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani wala hawasemezani, kila mtu anajua. Ndiyo maana Salehe akifika kwenye migomba iliyo kando ya ua hukohoa, mama wa watu apate kuingia ndani. Lakini Bi Mwaisha alizidisha. Mlango aliufunga kwa kishindo, na akilazimika kupita uani alijifunika kanga uso mzima. Wakwe wengine angalau hutuma salamu kwa kupitia binti. Yeye hata hiyo hakutuma.

"Mama yako hanipendi," Salehe alimwambia Asha, mkewe.

"Na mhogo unaoukuta kwenye majivu kila jioni, unadhani anakuchomea nani?"

"Wewe."

Asha alicheka kidogo, akaendelea kupepeta.

Jioni ile Salehe alijenga uzio wa fito kuvizunguka vifaranga, mrefu kuliko kuku anavyoweza kuruka. Akakatakata mchicha, akauchanganya na pumba na machicha, akajaza chombo. Kesho yake alirudi kutoka kazini akakuta chombo cheupe, kimelambwa chote. Moyo ukamruka kwa furaha. Akakiinua kifaranga kimoja, akakisimamisha, akakiachia. Kikaanguka ubavu.

Akakijaribu cha pili, nacho vilevile. Salehe akakaa chini kwenye vumbi, machozi yakimlengalenga. Angekuwa hajui dawa, angejifariji kwa ujinga wake. Dawa aliijua, aliitoa kwa mkono wake, na bado alikuwa anashindwa na ndege asiyejaa kiganja.

"Mama anaomba mchele mwingine," Asha alisema kutoka jikoni. "Uliotwangwa mara mbili, mweupe."

"Si juzi tu nimeleta? Na tangu lini mama yako akaacha ugali?"

"Meno, anasema."

Salehe alimtazama jogoo, aliyekuwa amelala chali kivulini. Akautazama uzio, usio na tundu hata moja. Kuku huyu hakuingia mle. Kuna mtu aliyemtolea machicha.

Ijumaa aliaga kama kawaida, akashika njia ya kazini, kisha akageuka. Alipofika kwenye migomba hakukohoa. Tangu aoe, hilo hakuwa amelifanya.

Bi Mwaisha alikuwa uani peke yake, kanga mabegani. Aliinua kile chombo juu ya uzio, akawamwagia kuku. Kisha akachukua bakuli la wali mweupe, akapiga magoti, akaanza kuvilisha vifaranga kwa vidole, kimoja kimoja.

Hasira zilimpanda Salehe mpaka masikio yakavuma. Basi ni kweli. Mwanamke huyu yuko radhi amwone amedidimia hapa maisha yake yote kuliko kumwona amepata riziki kwingine. Anamchukia kiasi cha kuvilemaza viumbe visivyo na kosa. Desturi au si desturi, leo atayasikia ana kwa ana. Akapiga hatua moja mbele.

"Kuleni taratibu, wanangu," Bi Mwaisha alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Salehe hakuwa amewahi kuisikia kwa karibu hivyo. "Mnisamehe miguu yenu. Gari likishaondoka nitawapa pumba mpaka mkimbie. Asha akienda Tabora atarudi, mtoto wa kike hurudi penye ardhi ya mama yake. Lakini mumewe akienda, ndiyo amekwenda."

Akakifuta kifaranga mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mungu amenipa mtoto wa kiume mmoja tu, tena uzeeni, na hata uso wake sijauona."