Kikomeo cha Spana

Tindo alipiga tupa taratibu, kwa mshazari, sikio lake likiwa mlangoni. Wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Ncha ya kikomeo ilipungua kidogo tu, kiasi ambacho mtu asingekiona kwa macho. Akapuliza vumbi la chuma, akairudisha spana kwenye benchi la shemeji yake kama alivyoikuta.

Hakuwa mtu mbaya, au ndivyo alivyojiambia. Ila wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Huyu shemeji, mdogo wa mke wake, ni yeye Tindo aliyemleta karakana. Ni yeye aliyemfundisha kushika tupa bila kujichubua vidole. Na sasa Mama Karakana, mjane wa aliyeianzisha karakana, alikuwa anahamia kwa binti yake, na alishatamka mbele ya wote kwamba funguo zitabaki na fundi atakayeiboresha spana malaya.

Mafundi waliiita hivyo kwa sababu haichagui nati. Mbele ya Mama iliitwa spana ya kurekebisha, na hakuna aliyethubutu kucheka. Ugonjwa wake ulijulikana: ukiivuta kwa nguvu taya linalegea, spana inateleza, na vidole vyako vinakwenda kugonga chuma. Karakana nzima ilikuwa na makovu yake.

Tindo alirefusha mpini na kuuvisha mpira. Ilipendeza machoni. Shemeji alifanya kitu kidogo zaidi, na ndicho kilichomuuma Tindo: kikomeo chenye springi, kinachoingia kati ya meno ya taya na kulizuia lisirudi nyuma. Tindo alipokiona mara ya kwanza alijua kwamba ameshindwa. Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Mkewe alipakua chakula akisema, "Mdogo wangu ana kichwa, jamani," na Tindo akajibu kwamba chumvi imezidi.

Asubuhi ya majaribio Mama alipita na kitambaa chake kama kawaida, akifuta kila chombo kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaruhusu mtu kukigusa. Kisha akawaita uani, kwenye pampu ya maji ambayo nati yake ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaichora nati mstari wa chaki juu, ili wote waone kama itazunguka. Mama hakuwa mtu wa sifa. Fundi aliyefanya kazi nzuri aliambiwa "haya," basi, na akirudi nyumbani alijisifia nalo wiki nzima.

Mama alianza na spana ya Tindo. Akavuta, taya likalegea, akaiweka chini. Akachukua ya shemeji, akapiga magoti mbele ya pampu, mgongo kwao, gauni lake pana likafunika kila kitu.

Krr. Tindo alisikia kikomeo kikiruka meno, akabana midomo asicheke. Krr, tena. Kikafuata kimya, Mama akihema na kujikunja kwa nguvu. Kisha akasogea pembeni, na wote wakaona mstari wa chaki umeshuka ubavuni mwa nati.

"Tangu nizaliwe sijaona kitu kama hiki," Mama alisema. "Ukivuta, inabana. Ukirudisha mkono, inaruka yenyewe, wala huna haja ya kuitoa kwenye nati. Marehemu mume wangu alikihangaikia hiki mpaka anakufa."

Mafundi wakamzunguka shemeji, wakimpigapiga mabegani. Tindo akabaki pembeni, akipiga hesabu. Kikomeo cha shemeji hakikuwa na kazi hiyo, kilikuwa cha kuzuia tu. Kama sasa kinazuia upande mmoja na kuachia upande wa pili, basi ni ule mshazari. Ni tupa yake. Na sifa zinakwenda tena kwa yule yule.

Mama akaiinua spana kwenye mwanga. "Ila ncha ya kikomeo imepigwa tupa. Ni wewe?"

Shemeji akaitazama kwa makini, akatikisa kichwa. Alisema yeye aliiacha ikiwa bapa.

"Basi ni mwingine. Nataka kumjua huyo kabla sijakabidhi funguo."

Tindo alijiambia anyamaze. Lakini fundi mmoja akasema huenda kijana amesahau tu, apewe funguo zake yaishe, na shemeji akatabasamu kwa aibu, tabasamu lile lile ambalo mkewe Tindo alikuwa nalo. Hapo uvumilivu ukamwisha.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Jana, mlipokwenda kula. Nilipiga tupa kwa mshazari. Ni kazi ya mkono wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama akamkabidhi spana, akamwonyesha nati.

"Haya," alisema. "Malizia."

Tindo akapiga magoti pale pale alipokuwa Mama, moyo ukimdunda kwa furaha. Akavuta. Krr. Akarudisha. Krr. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, taya likaachia, spana ikazunguka bure juu ya nati, na vidole vyake vikagonga chuma. Mstari wa chaki ulikuwa bado pale pale ubavuni.

Alipoinama kuvishika vidole ndipo alipoiona, imesukumwa chini ya pampu: spana ya kawaida, isiyorekebishwa, ya saizi ya nati ile ile, mdomo wake ukiwa na kutu mbichi na vumbi la chaki. Nyuma yake alisikia funguo zikilia, na shemeji akisema, "Asante, Mama."